Kigae cha Mbonea

1

Dhoruba ya jua ilipotangazwa kwisha, watu wa Kivulini walipanda kutoka katika mahandaki ya hifadhi wakiwa na nyuso za watu walioshinda. Hakuna aliyeumia. Mabomba ya maji hayakupasuka, bustani zilikuwa zimefunikwa mapema, na hata kuku wa shule walikuwa wameteremshwa pamoja na vizimba vyao, wakilalamika njia nzima. Mwenyekiti wa Baraza, Kaingu Tsuma, alisimama juu ya ngazi akimpa mkono kila aliyepita, kama baba wa bwana arusi. Mji huo ulichimbwa ndani ya kreta, shimo kubwa lililo karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, katika barafu ambayo mwanga wa jua haujawahi kuigusa, na ulijengwa na watu walioamini kwamba jambo likipangwa vizuri hufanyika vizuri. Siku hiyo walikuwa na kila sababu ya kuendelea kuamini hivyo.

Mghoi Mwakio hakusimama kupokea pongezi. Alikuwa mtunza picha wa Kivulini, mwanamke wa makamo, mrefu, ambaye hata akiwa na haraka hakuweza kuacha viatu vyake mlangoni bila kuvilinganisha. Alimpa Mwenyekiti mkono kwa heshima, akapita, akashika njia ya kupanda kwenda Ukumbi wa Waasisi.

Ukumbi huo ndio pekee uliojengwa juu, kwenye ukingo wa kreta, na ulikuwa na dirisha pana linaloitazama Dunia. Katikati yake palisimama nguzo ya kioo, na ndani ya nguzo hiyo kadi tatu za kumbukumbu, kila moja ikibeba nakala ya picha ileile. Watu waliiita Picha ya Mwanzo. Wachimbaji wa kwanza, waasisi wa mji, wamesimama mstari mmoja katika chumba cha kwanza kilichojazwa hewa, kofia zao za kioo mikononi, nyuso wazi, wakicheka kama watu waliotoka kuvua viatu vya kubana. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kusimama kichwa wazi mahali pale.

Mghoi aliwasha kioo kikubwa cha ukutani. Nyuso zilijitokeza moja baada ya nyingine kutoka kushoto, safi, na moyo wake ukaanza kutulia. Kisha akafika mwisho wa kulia. Mahali palipokuwa na uso wa Mbonea Mrindoko palikuwa na mraba wa kijani na zambarau uliochanikachanika, kama kitambaa kilichomwagikiwa dawa. Chini ya mraba huo bega lilikuwa limebaki, na mkono wa kulia ulioshika kofia. Uso haukuwepo.

Alivuta kiti akafanya kama alivyofundishwa: aliacha kuitazama picha, akatazama tarakimu zilizoibeba.

Wanafunzi walipotembelea ukumbi, Mghoi alikuwa akiwaeleza kwamba kumbukumbu ya kidijitali ni ghala la vijichumba visivyo na idadi. Kijichumba chenye umeme husomwa moja, na kilicho kitupu husomwa sifuri. Kwa mpangilio wa moja na sifuri huandikwa kila kidevu, kila ukunjo wa nguo na kila kicheko. Chembe ya mnururisho, miale isiyoonekana itokayo juani, ni ndogo kupita kiasi, lakini kasi yake huipitisha katika kioo na katika bati. Ikikipiga kijichumba, huvuruga umeme wake, na moja hugeuka sifuri bila kelele wala moshi. Katika picha ya kawaida hasara ingekuwa doa moja. Lakini picha hubanwa ili ichukue nafasi ndogo, na katika picha iliyobanwa kila tarakimu huitegemea iliyotangulia, kama watu wanaotembea gizani wameshikana mabega. Wa mbele akikosea, wote walio nyuma yake hupotea naye. Kwa sababu hiyo waasisi waliigawa picha yao katika vigae, yaani vipande vya mraba, kila kigae kikabanwa peke yake, ili ajali ya kimoja isivuke mpaka. Kwa sababu hiyo pia waliweka nakala tatu. Nakala mbili zikisema jambo moja na ya tatu ikapinga, mbili ndizo huaminiwa.

Kura hiyo ya nakala tatu ilikuwa imeokoa vigae vyote isipokuwa kimoja. Katika kigae cha Mbonea, nakala tatu zilisema mambo matatu.

Hilo lisingetokea kama kadi zingebaki zilikowekwa hapo mwanzo, kila moja katika handaki lake, mbali na nyingine, chini ya mwamba mzito. Lakini watu wa Kivulini hawakuupenda mpango huo. Walisema waasisi hawakutengana walipokuwa hai, na si adabu kuwatenganisha sasa na kuwafungia gizani. Basi katika mkutano mmoja wa Baraza, kwa sauti moja na kwa vigelegele, kadi zote zilipandishwa ukumbini, zikawekwa pamoja mahali pa heshima, mbele ya dirisha, ili waasisi watazame kwao. Ulikuwa uamuzi wa watu wenye mapenzi, na jua halikuwa na habari nao.

2

Mwenyekiti Kaingu alipoletewa taarifa alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya kioo mikono nyuma. Kisha akauliza kama nakala nyingine ingeweza kupatikana popote. Mghoi alimkumbusha aliyoyajua tayari. Shirika lililowaleta wachimbaji lilifuta kumbukumbu zake zote mwaka ule wachimbaji walipokataa kurudishwa Duniani wakautwaa mji. Na Kivulini yenyewe ilikuwa na mwiko wa kuinakili Picha ya Mwanzo holela, kwa kuwa mbele ya picha hiyo, na si mahali pengine popote, ndipo watu walipoitikiana.

Kuitikiana ndiyo sikukuu kubwa ya mji huo. Kila mwaka, siku ya kuanzishwa kwa mji, msimamizi wa zamu husimama mbele ya picha na kuita majina ya wachimbaji wa kwanza kama yalivyoitwa mlangoni mwa mgodi. Jina likiitwa, mmoja wa ukoo huo huinuka, huutazama uso wa mtu wake pale ukutani, kisha hujibu kwa sauti: "Yupo." Na sheria ya Kuitikiana ni moja: haruhusiwi mtu kuitika kwa ajili ya uso asiouona. Watoto hufundishwa sheria hiyo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Katika shule ya Kivulini, mtoto anayemjibia mwenziwe "yupo chooni" huonywa vikali kuliko aliyekutwa na sukari ya jikoni.

Sheria hiyo ilitokana na Mbonea mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo, jioni moja ya mwisho wa zamu, jina lake liliitwa mlangoni mwa mgodi naye hakuwa amefika. Rafiki yake alidhani yuko nyuma akifunga kiatu, na kwa kuwa aliyechelewa alikatwa ujira, akamwitikia. Msimamizi akaweka alama, mlango ukafungwa, hewa ya njia ya nne, alimochimba Mbonea, ikapunguzwa kama ilivyokuwa desturi ya usiku. Ilipogundulika kwamba Mbonea hayupo mezani wakati wa chakula, barafu ilikuwa imeshaporomoka na kuiziba njia, na hadi leo hakuna aliyemwona.

Sasa mwaka wa sabini ulikuwa unawadia, na kwa mara ya kwanza wajumbe kutoka Duniani walikuwa njiani kuja kushuhudia. Mwenyekiti alitaka wautazame mji usio na ufa. Kuhusu hilo hakuficha, wala hakuona haya. Alisema baba zao waliitwa vibarua. Alisema walipoutwaa mji, Duniani walicheka na kusema hautadumu zaidi ya miezi michache. Na kwamba tangu hapo Kivulini haijawahi kumwonyesha mgeni kitu kilichochanika. Kisha akataja Mshonaji.

Mshonaji ilikuwa programu ya kompyuta ya mafundi wa mabomba. Kamera zao zilipoleta picha zenye madoadoa ya mnururisho, Mshonaji ilijaza palipokosekana kwa kukisia kutokana na mamilioni ya picha ilizokwisha kuziona. Kwa ukuta wa bomba ilikisia vizuri sana. Mwenyekiti alitaka ipewe picha za binti ya Mbonea na za wajukuu wake, halafu ikisie uso.

"Itatoa uso," Mghoi alisema. "Sina hakika kama utakuwa uso wa mtu."

"Bi. Mghoi, wewe ungekuwa mpishi tungekula wali mbichi, ukisema moto bado haujathibitishwa." Mwenyekiti alicheka kidogo, kisha akaacha. "Binti wa Mbonea atasimama mbele ya watu wote. Ataitwa. Unataka asimame bubu? Mpe uso wa kuutazama. Unamdhulumu nani?"

Mghoi aliikabidhi Mshonaji picha za familia. Swali lilikuwa la haki, na aliyeliuliza hakuwa mtu mbaya.

3

Bibi Namkunda Mbonea alikuwa mtunza bustani ya mchicha, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono iliyopauka kwa maji ya madini. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni baba yake alipoondoka Upare kwenda Mwezini, na alipoletwa na mama yake kumfuata, wa kumfuata hakuwepo. Alimjua baba kwa picha hiyo moja tu. Alipokuwa msichana alipanda ukumbini kumwonyesha matokeo ya mtihani. Alipoposwa alimleta mchumba ukumbini, akamsimamisha mbele ya ukuta na kumwambia avue kofia.

Aliingia akiwa ameshika fungu la mchicha, akampa Mghoi, akapokea shikamoo yake, kisha akasema amesikia kuwa baba yake alikuwa mgonjwa na wamemtibu. Mwenyekiti alicheka kwa sauti. Mghoi aliwasha kioo.

Uso ulikuwa mzuri. Hilo halikuweza kupingwa. Mwanga uliuangukia kutoka upande uleule ulioziangukia nyuso nyingine, kicheko kilikuwa kicheko cha siku ile, na shingo iliungana na bega la kweli bila mshono kuonekana. Bibi Namkunda alirekebisha kilemba chake taratibu, kama mtu aliyeingia sebuleni akamkuta mkubwa wake ameketi.

"Ndiye," alisema hatimaye. "Ndiye kabisa. Nilianza kuogopa nimemsahau."

Mwenyekiti alimtazama Mghoi kwa macho ya mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa.

Lakini Bibi Namkunda alikuwa bado anatazama. Alisogea karibu zaidi, akainua kidole, akagusa kioo chini ya jicho la kushoto. Akauliza kidoa kiko wapi. Baba yake alikuwa na kidoa hapo, cheupe, kama punje ya chumvi. Alikijua tangu utotoni. Kila alipotaka kuhakikisha kwamba ni yeye, alianza kwa kukitafuta.

Mghoi alikikumbuka kidoa hicho. Aliikumbuka Picha ya Mwanzo kama watu wanavyokumbuka chumba walichokulia, na alijua kilichokuwa pale hakikuwa alama ya mwili. Vilikuwepo vingine vya namna hiyo: kimoja ukutani, kingine juu ya buti la mtu wa tatu, viwili sakafuni. Watoto waliviita nyota. Zilikuwa chembe zilizopenya chumba kile cha kwanza, ambacho kuta zake zilikuwa nyembamba, zikaigonga kamera katika dakika ileile ilipofungua jicho lake.

"Kiweke, mwanangu," Bibi Namkunda alisema. "Ni kidoa tu. Ukikiweka, hana upungufu."

"Umesikia," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Kidoa tu."

Kidole cha Mghoi kilikuwa tayari juu ya kidhibiti. Mguso mmoja ungetosha. Alipofikiri kuukubali uso wa Mshonaji, alikuwa amejiambia kwamba kazi hiyo ni ya mashine, na kwamba yeye ameiruhusu tu. Kidoa hiki kingekuwa kazi ya mkono wake. Angechukua alama ya kitu kilichotokea kweli, siku ya kweli, akaipachika kwenye shavu la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, ili aaminiwe.

Alirudisha mkono mapajani. Akasema kazi kama hiyo huhitaji utulivu, na akawaomba wampe hadi kesho.

4

Asubuhi yake alimkuta Bibi Namkunda kati ya matuta, amechuchumaa, anakata mchicha kwa kisu kifupi. Bustani ilikuwa na joto na harufu ya majani mabichi. Mghoi alivua viatu mlangoni, akavilinganisha, akaingia peku. Hakukaa mpaka alipoambiwa akae.

Alikuwa amepanga maneno yake kwa utaratibu, kuanzia mnururisho hadi kura ya nakala tatu. Lakini alipomwona yule mama anavyokata majani kwa makini asiujeruhi mzizi, utaratibu wote ulimtoka, akaanzia mwisho.

"Bibi, uso ulioonyeshwa jana si wa baba yako."

Kisu hakikusimama. "Nakusikiliza."

"Mashine iliutengeneza kwa picha zenu. Macho ni ya mwanao Kirimia. Taya ni la nduguye Elinaja. Pua ni yako."

Bibi Namkunda alikata shina moja zaidi, akaliweka kwenye kikapu.

"Maisha yangu yote watu wananiambia nimerithi pua ya baba," alisema. "Kumbe safari hii yeye ndiye aliyerithi yangu."

Mghoi hakujua kama anaruhusiwa kucheka, kwa hiyo hakucheka. Alieleza na habari ya kidoa, polepole, akitumia maneno anayoyatumia kwa wanafunzi, na hakupunguza kitu. Alisema chembe ile ilipita chumbani wakati mwanga wa uso wa Mbonea ukiingia katika kamera, vyote viwili kwa pamoja, na kwamba katika dunia nzima ya vitu vilivyowahi kuwepo, hicho kilikuwa shahidi wa kweli kwamba alisimama pale. Sasa nacho kilikuwa kimefutika pamoja na uso.

Hapo ndipo yule mama alipoweka kisu chini. Hasira ilimjia bila haraka, kama maji yanavyopanda kwenye tuta. Alisema Mghoi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Alisema yeye ni mzee, sikukuu zilizombakia zinahesabika, na jana alirudi nyumbani akapika, akala, akalala usingizi ambao hakuupata tangu dhoruba. Aliuliza ni nani aliyempa mtoto wa watu ruhusa ya kumuua baba yake mara ya pili.

"Ningeweza kunyamaza," Mghoi alisema. "Nilitaka sana. Halafu nikakuona siku ya Kuitikiana umesimama, jina linaitwa, unautazama uso ule, unajibu 'Yupo'. Na ni mimi niliyeuweka pale. Ningekuwa nimemwitikia baba yako, Bibi. Kwa huruma, kama yule wa kwanza."

Bibi Namkunda aliinamisha kichwa. Majani aliyokuwa amekata yalianza kunyauka kikapuni naye hakuyanyunyizia, jambo ambalo waliomfahamu wasingeliamini.

"Yule wa kwanza alikuwa mtu mwema," alisema mwishowe. "Mama alinikataza kumchukia. Alikuwa akituletea maharage mpaka alipokufa. Hakuwahi kuingia ndani, aliyaacha mlangoni." Alifuta kisu kwenye nguo yake. "Nini cha baba kilichobaki? Cha kweli."

"Bega. Na mkono wa kulia ulioshika kofia. Nakala mbili zinakubaliana hapo, kila tarakimu."

"Na uso hakuna namna?"

"Hakuna, Bibi."

"Hata miaka ijayo, mkipata mashine nyingine yenye akili zaidi?"

"Itakisia vizuri zaidi. Bado itakuwa inakisia."

Mama yule alitikisa kichwa, akachukua kisu, akaendelea na tuta lake. Mghoi alidhani mazungumzo yamekwisha, akaanza kuinuka.

"Basi mimi sitaitika," Bibi Namkunda alisema bila kumtazama. "Weka bega na mkono. Palipokuwa na uso paache peusi. Jina litaitwa, na mimi nitanyamaza."

"Mbele ya wageni?"

"Wageni kitu gani? Siku ile mtu mmoja angenyamaza, wangeingia kumtafuta."

5

Mwenyekiti hakufurahi. Alikuwa na haki ya kusema na alisema mengi, lakini sheria ya mji ilimpa mtunza picha neno la mwisho juu ya kilicho picha na kisicho picha, na Kaingu Tsuma alikuwa mtu wa kuheshimu sheria hata inapomuuma. Alichoomba ni kwamba wageni waelezwe mapema kuwa kuna hitilafu ndogo ya kiufundi. Mghoi alijibu kwa adabu kwamba wakiuliza, ataeleza. Na kwamba hataiita ndogo.

Siku ya Kuitikiana ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wajumbe kutoka Duniani waliketi mbele, wametanguliwa na mwanamke mwenye mvi aliyeonekana bado anaogopa wepesi wa miguu yake. Dirishani Dunia ilining'inia, nusu yake ikiwa gizani. Ukutani wachimbaji walicheka, na mwisho wa kulia bega moja na mkono mmoja vilisimama chini ya mraba mweusi. Mghoi alikuwa amefuta kijani na zambarau yote. Alikuwa ameweka weusi mtupu, kwa kuwa huo ndio uliokuwa ukweli wa walichokijua.

Msimamizi wa zamu, kijana wa ukoo wa Righa mwenye sauti nzito, aliita jina la kwanza. Mzee mmoja aliinuka, akautazama ukuta. "Yupo." Jina la pili, dada wawili waliinuka pamoja, wakagombana kidogo kwa viwiko nani ajibu, watu wakacheka, mkubwa akashinda. "Yupo." Majina yalikwenda hivyo, kushoto kwenda kulia, na kila jibu lilipotoka migongo ya watu ilinyooka zaidi. Hata waliokwisha kusikia mara nyingi waliona fahari ileile, kwamba watu waliohesabiwa kama zana leo wanaitwa mmoja mmoja kwa majina yao na baba zao.

"Mbonea Mrindoko."

Bibi Namkunda aliinuka. Alikuwa amevaa nguo za mama yake. Aliutazama ukuta, bega, mkono, weusi, na akafumba mdomo.

"Mbonea Mrindoko," msimamizi aliita tena, na sauti yake haikuwa na uhakika kama mara ya kwanza.

Kirimia alimshika mama yake mkono; mama aliutoa, si kwa ukali. Mtu nyuma alianza kunong'ona, akanyamazishwa.

"Mbonea Mrindoko."

Hakuna aliyeitika.

Msimamizi alibaki amesimama, mdomo nusu wazi. Alikuwa amezaliwa baada ya mambo hayo yote, na katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuita jina mara tatu. Lakini kanuni ya mgodi alikuwa ameisoma siku alipokabidhiwa zamu, na kanuni hiyo haikusema lolote kuhusu sikukuu wala wageni wala miaka mingapi imepita. Ilisema kwamba jina likiitwa mara tatu bila jibu, kazi yote husimama na kila aliyepo huenda kutafuta. Na kwamba msimamizi haombi ruhusa kwa mtu. Aligeuka, akatembea hadi ukutani, akavuta kengele.

Mlio wake uliteremka ngazi zote za mji. Mashine za kuyeyushia barafu zilizimwa. Jikoni walitoa sufuria motoni. Mlango wa karakana ulifunguliwa, na mafundi wakatoka wanapangusa mikono, wakiulizana. Walipoambiwa ni nani, hawakuuliza tena. Bibi Namkunda alikuwa wa kwanza kushika njia ya mgodini, na watu wote wakamfuata, safu baada ya safu, wazee, wanafunzi, wanaume wenye watoto mabegani.

Yule mjumbe mwenye mvi alimgeukia Mwenyekiti akauliza kuna nini, kama ni hatari, kama wanapaswa kwenda kwenye mahandaki. Kaingu Tsuma alikuwa na jibu alilolitayarisha tangu jana, jibu zuri, lenye neno "hitilafu". Aliutazama ule mraba mweusi ukutani. Alivua shada la maua shingoni mwake, akaliweka juu ya kiti.

"Kuna mtu wetu hajaitika," alisema. "Tunakwenda kumtafuta."

"Amepotea tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Alinyoosha mgongo wake, na hakuna aliyewahi kumwona mrefu namna ile. "Taa ziko pale mlangoni, mama, ukipenda kuja."

Mghoi alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka. Chini, katika njia ya nne, hewa ilikuwa baridi na kuta zilimeta kwa taa nyingi kuliko zilizowahi kuingia humo kwa wakati mmoja. Njia yote ilijaa watu, hadi kwenye ule ukuta wa barafu iliyoporomoka siku ile, ambao wachimbaji hupita mbali nao. Hapo mbele Bibi Namkunda alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya barafu. Wengine walimsubiri atangulie.

Tangu utoto wake, kila mwaka, alikuwa amemjibia baba yake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwita. Na mji mzima, uliosimama nyuma yake na taa mikononi, ulimwita pamoja naye.